Picha ya Tumbili Bila Farasi

Kinyonga ndiye aliyepiga picha kwenye mashindano ya farasi ya kuruka viunzi, kwani jicho lake moja lilimtazama mpandaji na la pili lilitazama kwato. Hakupiga hata moja mpaka miguu ya mbele ijikunje sawasawa.

Tumbili, mpandaji mwenye majivuno, alipoiona picha yake alinuna.

"Farasi kaijaza yote. Mkate atoke."

"Lakini bwana mkubwa, yeye ndiye aliyeruka."

"Bingwa ni mimi. Nikiona hata ukwato mmoja, kazi yako anapewa Kunguru."

Kwa kuogopa kufukuzwa, Kinyonga alikata kwato, shingo na mkia mpaka unywele wa mwisho, kisha akaibandika picha langoni.

Asubuhi watazamaji walimkuta Tumbili pichani amechuchumaa juu ya kiunzi, makalio nyuma, meno nje, mikono imeshika hewa.

"Pole, bingwa," alisema Mbuni. "Choo kilikukimbia?"

Tumbili alimwendea Kinyonga mbio. "Mrudishe farasi, tafadhali."

"Nilikata vizuri mno, bwana mkubwa. Wewe na farasi hamuungiki tena."

Akaibandika ile sehemu ya farasi kando ya picha ya Tumbili. Farasi aliruka peke yake, amependeza, na hakuna aliyeuliza mpandaji yuko wapi.