Mkono wa Kupakatia

Tangu mwanawe azikwe, mkono wa kushoto wa Mwanakheri ulibaki umekunjika kifuani, vilevile alivyokuwa akimpakata. Ndugu zake waliuvuta mpaka wakachoka, nao ulizidi kujikaza. Mwisho wakampeleka kwa Bi Mafunda, mkandaji wa mji ule, ambaye nyumba yake ilinukia mafuta ya karafuu hata njiani.

Bi Mafunda hakuuvuta. Aliupapasa kwa kidole gumba, uzi kwa uzi, macho ameyafumba kama anayesikiliza mvua ya mbali.

"Mwanangu, msuli haujui kusukuma. Kazi yake kuvuta tu. Huu wa mbele ukivuta, mkono unakunjika. Wa nyuma ukivuta, unanyooka. Lakini wa nyuma hauwezi kitu mpaka huu wa mbele ukubali kulegea."

"Siwezi kuulegeza, bibi. Nitamwangusha."

Bi Mafunda hakubisha. Alipasha mchanga chunguni, akaufunga kwenye kanga aliyokuja nayo Mwanakheri, akaulaza juu ya mkono ule. Mzigo huo ulikuwa na uzito wa mtoto mchanga, na joto lake.

Mwanakheri akaanza kuubembeleza, midomo ikiimba bila sauti. Mwanga wa dirishani ulitambaa ukutani, mchanga ukapoa kidogo kidogo. Chini ya ngozi kitu kikatetemeka, kikachoka, kikaachia.

Akainama. Mkono ukanyooka wenyewe mpaka mkekani, akamlaza, akamfunika kwa pindo la kanga.

"Tuseme polepole, bibi," alinong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."