Diski Iliyokataa Kurudi

Zubeda aliichomeka tena ile diski, na kompyuta ya ofisi ya ardhi ikaikataa tena. Diski mbili zilitakiwa kubeba ramani zilezile za viwanja. Hii iliyokataliwa ilizimika wiki iliyopita, kwa hiyo kumbukumbu zake zilipaswa kuishia siku hiyo. Lakini zilikuwa zimeendelea hadi jana.

"Nani aliichukua, mzee?"

"Haijatoka humu, mwanangu," akajibu mkuu wa ofisi. "Ifute tu, kisha uinakili upya kutoka kwenye ile nyingine."

Zubeda akaigeuza. Ile diski nyingine ilikuwa imejaa vumbi. Hii ilikuwa imepanguswa ikang'aa.

"Nikiifuta, hatutajua nini kilibadilishwa."

Mkuu akarudishia mlango, kisha akanyoosha kidole kuelekea kitufe cha kufutia. Zubeda akakifunika kwa kiganja. Kidole kikatua juu ya mkono wake, kikangoja.