Gauni la Kuazima

Gauni lilikuja limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na aliyelileta ni Dada Mkubwa mwenyewe. Alilitundika nyuma ya mlango wa chumba cha bibi harusi, akageuka kuwatazama waliokuwemo.

Hakuna aliyemtarajia. Bwana harusi wa siku hiyo alikuwa mchumba wake yeye, kabla ya kuhamia kwa mdogo mtu. Tangu hapo ndugu hao hawakusemezana, na mama yao aliishi kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni: hautoki, haushuki.

"Nimekuja kumvisha mdogo wangu," alisema. "Yaliyopita si ndwele."

Mama alilia palepale.

Gauni walilijua kwa picha tu. Hariri ya kijani, kongwe kuliko bibi wa bibi yao, fahari ya jumba la makumbusho ya mavazi ambako Dada Mkubwa alikuwa mtunzaji. Wageni waliokwisha kuzunguka makumbusho ya mavazi ya nchi na nchi walikiri kwamba kijani cha namna ile hawajakiona kwingine.

"Wakijua si utafukuzwa kazi?" bibi harusi aliuliza.

"Wataambiwa liko kwenye matengenezo. Anayelitunza ni mimi, nani wa kuniuliza?"

Shangazi alinong'ona kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Mama akamkanyaga mguu.

Dada Mkubwa alivaa glovu zake za kazini, akamvisha mdogo wake polepole, kama anayemvisha mtoto mchanga.

"Usivae kitu ndani. Hariri hii inataka ngozi tupu ndipo ikae." Alifunga vifungo mpaka shingoni. "Na leo ucheze. Limesimama kabatini miaka mingi mno, limesahau muziki."

Bibi harusi alinyoosha mikono amkumbatie. Dada Mkubwa alirudi nyuma akicheka. "Utalikunja, wewe."

Ukumbi ulikuwa na joto la tanuri. Bibi harusi alicheza mpaka mgongo wa gauni ukaloa chepechepe, na bwana harusi hakumwachia kiuno, shavu lake limelala juu ya bega la hariri. Dada Mkubwa alikaa meza ya nyuma, soda mkononi, akiwatazama kwa uso uliotulia. Mama alimwangalia yeye kuliko alivyowaangalia maharusi. Alimshukuru Mungu kwa kumpa binti mwenye moyo mpana hivyo.

Wiki haikuisha, simu ikalia. Mdogo mtu alikuwa akitapika tangu alfajiri, hata maji hayakai tumboni. Mama alicheka peke yake jikoni. Kumbe watoto hawa hawakuisubiri harusi! Lakini habari ya mimba ingeweza kumchoma Dada Mkubwa, naye ndio kwanza amesamehe; ilifaa aisikie kwa upole, kutoka kwa mama yake. Alijitanda mtandio, akaenda kumwona kazini.

Hakuwahi kuingia mle. Alisimama nyuma ya kundi la wageni, mbele ya kabati la kioo lililokuwa tupu, akisubiri binti yake aitwe.

"Poleni, gauni lenyewe liko kwenye matengenezo," mtembeza wageni alikuwa akisema. "Ila msimwonee wivu aliyelivaa. Kijani chake kilipikwa kwa sumu, ileile waliyokuwa wakitegea panya. Mvaaji akitoka jasho, rangi inayeyuka, inapenya kwenye ngozi. Bibi mwenye nalo alilivaa mara moja tu, na hakulivua akiwa hai."

Wageni waliguna, wakasogea kabati la pili. Mama alibaki ameshikilia kioo.

Dada Mkubwa alitokea mlango wa ndani, akamjia bila haraka.

"Shikamoo, mama."

"Mdogo wako anatapika," mama alisema, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Dada Mkubwa alimweka sawa mtandio begani.

"Na bwana harusi?" aliuliza. "Yeye bado?"