Mkono Chini ya Maji

"Huko chini hakuna kikao, Ndugu Felicitas, mie ndiye mwenyekiti," mwalimu wa kuzamia alitania, mashua ikiwa imetia nanga mbele ya Mbweni. "Nikikuminya mkono, nauliza kama uko salama. Nawe ukiniminya, nakuachia uogelee mwenyewe. Ukinyamaza, nakurudisha juu, na safari yetu imekwisha."

Felicitas, karani mjane wa shirika la umma, alikuwa ameingojea likizo hiyo mwaka mzima.

Wakazama. Samaki wa manjano walipita karibu kabisa na miwani yake, na chini matumbawe yakaanza kuonekana. Kiganja cha mwalimu kilikuwa na sugu, na hata ndani ya maji kilikuwa na joto. Tangu amzike mumewe, watu walimshika mkono kwa salamu tu, kisha wakauachia.

Mwalimu akaminya.

Felicitas alikuwa salama, tena salama kabisa. Vidole vyake akaviacha vimelala.

Mwalimu akaminya tena, akangoja, kisha akamkamata kwa nguvu zaidi na kuanza kumpandisha.

Ndani ya mashua alimvua miwani kwa wasiwasi. "Dada, unaumwa wapi?"

Felicitas akajitazama mwili mzima, akitafuta pa kumwonyesha.