Bawaba Inayocheza

Merle Haugen aliirudisha bastola ya tatu juu ya kaunta, kama alivyozirudisha mbili za kwanza.

"Na hii ina nini?" aliuliza Lyle, fundi na mwenye duka. "Ina miaka mia na thelathini, mtutu safi. Ukiikunja, maganda yote yanaruka mara moja. Bawaba inayoshika mtutu na mpini haichezi hata kidogo."

"Haijanikaa rohoni. Na ile kwenye boksi?"

"Ile? Bawaba inacheza kama jino la mtoto. Ukilenga ghala utapiga kanisa."

"Nipe hiyo."

"Mzee wangu, umekunywa?"

"Naipenda sura yake."

Uso ukamwiva Merle, maana hakuwa amezoea kusema uongo. Alikuwa bingwa wa klabu miaka kumi na moja mfululizo, na miaka yote hiyo hakumwonea huruma mtu aliyekosa shabaha. Tangu majira ya baridi mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Hata mkewe hakumwambia. Pale dukani aliuficha mfukoni, akawa anazishika bastola kwa mkono wa kushoto. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na Merle alikuwa amekuja kununua jua.

Lyle alimtazama kidogo, kisha akasema bastola ibaki aifute kutu. Angemletea mwenyewe Jumapili, uwanjani kwenye mashindano ya klabu.

Jumapili Merle aliipokea jina lake likiwa limeshaitwa. Aliijaza risasi haraka, akaifunga, ikalia ta. Alipiga risasi tano. Deb Kowalke, mwandika alama, alichungulia kwenye darubini, akaifuta kioo, akachungulia tena.

"Sema tu, Deb."

"Mbili ziko pembeni kabisa. Tatu sizioni."

Waliokuwa wakigeuza soseji kwenye jiko la mkaa wakasogea. Merle aliona aibu, lakini aibu hii alikuwa amejiandaa nayo. Maneno yake alikuwa ameyafanyia mazoezi garini.

"Bawaba hiyo," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Inacheza. Kwa chombo hiki hata malaika angekosa. Muulizeni Lyle, aliniambia mwenyewe."

Wakacheka, wakakubali. Deb akampigapiga begani. "Basi hii hatuihesabu, bingwa. Wiki ijayo njoo na ile yako ya kawaida."

Merle akashusha pumzi. Wiki ijayo angetafuta neno jingine.

Lyle akajipenyeza katikati ya watu, tabasamu limemjaa usoni.

"Haichezi tena, Merle. Bastola ya bingwa ningeiachaje vile? Nimekaa nayo siku nne nikiichongea pini mpya ya bawaba, na sitaki hata senti. Jana niliijaribu, zote tano katikati."

Akatoa karatasi ya shabaha mfukoni, akaikunjua na kuiinua juu, ili hata waliokuwa nyuma waione.