Mtihani wa Kumtoa Malkia

Programu yoyote itakayogawa umeme majumbani hufanya kwanza mtihani wa sataranji, na mtahini ni mimi. Huwa naipangia kete katika hali ngumu, ambayo huwezi kushinda mpaka umtoe malkia wako aliwe. Inayomng'ang'ania malkia inafeli. Mwaka jana moja ilimtoa, ila baada ya kufikiri dakika kumi na moja. Nikaifelisha kwa kuchelewa. Nyingine ilimtoa ndani ya sekunde mbili, nikaipa alama zote.

Hiyo ndiyo iliyofungwa nyumbani kwetu Tukuyu.

Jana, katika baridi kali, umeme ulipungua. Nilirudi kutoka kazini nikakuta mashine ya oksijeni ya mama imezimwa, na hita ya mwanangu mchanga inawaka. Mama alikuwa ameegemea mito, anavuta pumzi kwa shida.

"Usiiguse programu, Tusekile," alisema. "Imeamua sawa. Mtoto bado mdogo."

"Nimeshapiga simu, mama. Mtungi wa oksijeni unaletwa."

Aliitazama taa ya kijani ya programu ukutani.

"Ilifikiri sana kabla ya kunizimia mashine?"

Nilisoma kumbukumbu ya programu. Sekunde mbili.

"Sana, mama," nilimjibu. "Dakika kumi na moja."