Mstari wa Kwanza wa Barua

Katika ofisi moja ya mtaa wa Kacyiru, Spéciose alitakiwa kumtaja mwandishi wa kiraka cha kurekebisha programu kilichouzima mfumo, ili mtu huyo afukuzwe kabla ya chakula cha mchana.

Kwa miaka tisa iliyomchosha, kazi yake ilikuwa kuvitoa viraka na majina ya waandishi katika baruapepe.

"Madamu, iko shida gani?" mkurugenzi aliuliza. "Barua si imetoka kwa Valens?"

Kwenye meza ya jirani, Valens alikuwa ameanza kuukunja waya wa chaja yake, duara juu ya duara.

Spéciose alishuka chini ya jina la mtumaji hadi mstari wa kwanza wa barua, unaomtaja mwandishi halisi kiraka kinapotumwa na mtu mwingine. Jina lilikuwa lake mwenyewe. Siku ya kukituma kiraka hicho, sanduku lake la barua lilikuwa limejaa, barua hazitoki. Valens alikituma tu kwa niaba yake.

"Valens, iache hiyo chaja," alisema, akaigeuza skrini imwelekee mkurugenzi.